Jumanne ya Watu wa Haki

Gari jeupe lilifika kwenye ofisi ya serikali ya komini saa nne asubuhi, Nasiba akiwa bado wa saba kwenye foleni ya kupeleka chakula kwa wafungwa. Alibeba sufuria ya bugali wa muhogo na maharage, imefunikwa kwa kitambaa. Mbele, polisi wa zamu alikuwa akikoroga kila chungu kwa kijiti kimoja kilekile, akitafuta wembe au barua, na kijiti hicho alikipangusia kwenye suruali yake kabla ya kukitia kwenye chungu kinachofuata. Chakula cha Wakristo na cha Waislamu, chenye nyama ya nguruwe na kisicho nayo, vyote vilipita kijiti hicho. Nasiba alikuwa amelalamika mara moja tu, mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo sufuria yake iliwekwa kando mpaka jioni, na Masudi akalala na njaa.

Kasho, mahabusu ya komini, ilikuwa chumba cha matofali ambamo zamani komini iliweka mbolea na majembe. Sasa mlikuwa na wanaume mia moja na arobaini. Walilala kwa zamu, na asiye na zamu alisimama. Masudi Hakizimana, mumewe Nasiba, mlinzi wa ghala la mpunga, alikuwa humo kwa mwezi wa tano sasa bila kuhojiwa na mtu.

Kutoka kwenye gari walishuka watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamke mrefu wa Kizungu, Madame Aneli, amevaa kizibao cha bluu chenye mifuko mingi. Mwingine alikuwa mkalimani wake, Mirindi, kijana mwembamba mwenye miwani. Mirindi alizaliwa Bukavu na kukulia huko, akarudi Rwanda vita vilipokwisha, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha ng'ambo ile ya mto.

"Bamama, mutulize roho," aliwaambia waliokuwa kwenye foleni. "Sisi njo batu ba haki za binadamu. Hatuna nguvu ya kufungua ule mlango. Tunaandika. Tunauliza kila muntu jina, siku alifungwa, na juu ya nini."

"Na mukishaandika?" aliuliza mama mmoja.

"Tunapeleka ku parquet, kwa mwendesha mashtaka, tunapeleka Kigali, na mbali zaidi. Muntu akiwa mu karatasi yetu, hawezi kupotea bila kuulizwa."

Wafungwa walitolewa kumi kumi. Masudi alitoka ameshikiliwa na wenzake wawili. Nyayo zake zilikuwa zimevimba mpaka vidole vimemezwa, na aliweka mguu chini kwa uangalifu, kama anayekanyaga mayai. Mirindi aliinama karibu yake.

"Banakushitaki nini, papa?"

"Banasema nilimutoa Dusabimana kwa bauaji, mwaka ule wa vita."

"Na weye unasema?"

"Sikumutoa kwa muntu."

"Kuna mwenye anaweza kutuambia ulifanya nini zile siku?"

Masudi alihamisha uzito kwenye mguu mwingine. "Kuna Thacienne," alisema. "Nilimuficha siku kumi na saba mu ghala, nyuma ya magunia ya pumba. Ni dada yake Dusabimana."

Mirindi alitafsiri. Mwanamke wa Kizungu aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi, akauliza kitu, na Mirindi akageuka tena. "Dada ya ule alikufa?"

"Dada yake, ndiyo. Baba moja, mama moja."

Walipohamia kwa mfungwa mwingine, Masudi alimrudishia Nasiba sufuria tupu ya jana. Alimvuta mkono kidogo.

"Mama Zaituni. Wakikuuliza, sema ile nimesema. Usiongeze kitu."

"Masudi..."

"Usiongeze," alisema, na polisi akamwita arudi ndani.

Thacienne aliishi kwa baba yake mdogo, Wenceslas, mtu aliyekuwa amekulia ukimbizini Uvira na kurudi akakuta kaka yake na ukoo mzima wamekwisha, isipokuwa msichana huyu mmoja. Ni Wenceslas aliyepeleka mashtaka. Alikuwa ameambiwa na watu wengi kwamba Dusabimana alionekana mara ya mwisho akitoka mlangoni kwa Masudi. Hakuwa na haja ya shamba la Masudi wala nyumba yake. Alitaka mtu mmoja ajibu.

Siku mbili baadaye Nasiba alimkuta Thacienne shambani, ndani ya maji mpaka magotini, akipandikiza mpunga. Hawakuwa wamesemezana tangu Masudi akamatwe. Alisimama juu ya tuta.

"Jambo, Thacienne."

"Jambo, Maman Zaituni." Mikono yake haikuacha kazi.

"Watu wa haki wanakutafuta. Masudi amewatajia jina lako."

"Balishakuya. Jana. Lile gari balilisimamisha mbele ya mlango, batu bote banatoka soko." Alichomeka miche mitatu kwenye tope, akapiga hatua moja nyuma. "Nilimwambia Mirindi, gari muliache ku barabara. Akasema ni amri, gari haliwezi kubaki peke yake. Sasa kila muntu anajua. Ba huku, benye ndugu bamefungwa, banasema nataka kufungisha batu. Ba kwetu, bale balipona, banasema nataka kutoa muuaji mu kasho."

"Utasema?"

"Nitasema nini?"

"Kwamba alikuficha. Kwamba alikuwa anakuletea chakula chini ya pumba. Wewe unajua kuliko mimi."

"Ile nitasema. Haiko shida." Thacienne alinyoosha mgongo na kumtazama kwa mara ya kwanza. "Na Dusabimana? Juu ya Dusabimana niseme nini?"

Nasiba aligeuka kutazama ghala la mpunga.

Dusabimana alikuja siku ya nne ya kujificha kwa dada yake, alfajiri, akagonga mlango wa ghala kwa ncha za vidole. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mrefu, anayejulikana na kila mtu bondeni kwa sababu ya mpira. Masudi, aliyekuwa ndani na Nasiba, alikuwa ameshaweka mkono kwenye komeo. Aliyesema hapana ni Nasiba. Alisema hakuna nafasi, alisema mtu mkubwa namna ile ataonekana, tutakufa sisi sote na watoto, aende. Masudi alibaki na mkono kwenye komeo kwa muda ambao Nasiba hajaweza kuupima mpaka leo. Kisha akauondoa, na Nasiba akachungulia kwenye ufa wa mlango, kijana akienda zake. Kabla ya adhuhuri walisikia kwamba Dusabimana ameuawa, na hakuna aliyepata kuonyesha wapi.

"Alikuja, hakuweza kuingia," Nasiba alisema hatimaye.

"Nani alikatala aingie?"

"Zile siku zilikuwa mbaya, Thacienne. Kila mtu alikuwa..."

"Nimekuuliza."

"Masudi hakumtoa kwa mtu. Naapa kwa Mungu."

Thacienne aliinama tena. "Nitaenda kwa batu ba haki," alisema, akiyaambia maji. "Nitasema ile nilisikia."

Mahojiano yalifanyika Jumamosi katika darasa la shule ya msingi. Nasiba aliingia kwanza. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamebana, na Madame Aneli alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Mwanamke huyo alikuwa mpole. Aliuliza polepole, akasubiri, akaandika. Kila jibu la Nasiba lilipita kwanza kinywani mwa Mirindi, likageuka Kifaransa, na likisikika hivyo lilionekana zuri na safi kuliko alivyolisema yeye. Masudi mlinzi wa ghala. Masudi amemficha msichana. Masudi hajawahi kushika panga isipokuwa la kukatia nyasi.

"Madame anauliza kama kuna kitu ingine," alisema Mirindi. "Anasema usiogope. Ile utasema hapa, burugumestri, mukubwa wa komini, hatasoma, jirani hatasoma."

Nasiba alitazama ubao. Kulikuwa na hesabu za kugawanya zilizofutwa nusu. Alimfikiria Zaituni wa miaka tisa na wadogo zake wawili. Alikifikiria chumba cha wafungwa wa kike pale komini, kilichokuwa choo zamani, ambako mke wa fundi mmoja alizaa mwezi wa kumi na mbili na mtoto akaishi siku tatu.

"Hapana," alisema. "Hakuna kingine."

Madame Aneli aliandika hiyo hapana pia.

Kisha akaingia Thacienne. Nasiba alingoja nje chini ya upenu. Alitegemea kungoja robo saa tu. Jua lilihama kutoka ukutani likafika kwenye mfereji wa maji ya mvua, na bado sauti ya Mirindi ilisikika ndani, chini chini, ikikatika na kuanza upya. Thacienne alipotoka alipita bila kumtazama, akaenda zake kwa miguu, maana safari hii alikataa kupelekwa na gari.

Mirindi alitoka nyuma yake. Alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Jumanne tunarudia," alisema. "Tutakuya na msaidizi wa mwendesha mashtaka, kutoka mjini. Atafungua dosie, yale makaratasi ya kesi, pale pale."

"Masudi atatoka?"

"Madame anaona hana kesi." Alivaa miwani yake. Alionekana mtu aliyechoka ghafla. "Weye, maman, Jumanne usiende mbali na nyumba."

Nasiba alisikia kile alichotaka kusikia. Alikimbia karibu njia nzima.

Nyumbani, mama yake Masudi alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Bibi Nyirabagenzi alikuwa mzee ambaye macho yake yamefifia, lakini vidole vyake viliona kila jiwe. Alipopewa habari aliweka ungo chini, akainua mikono.

"Niliwaambia," alisema. "Mwanangu hakufunga mlango mbele ya mtu hata siku moja. Hata baba yake alipokuwa mkali, yeye alikuwa akifungua. Nilijua watakuja watu wenye akili, wataona."

Nasiba alisema ndiyo, mama. Akaenda jikoni, akakaa mbele ya majiko yasiyo na moto.

Jumapili alipopeleka chakula, kidole gumba cha mguu wa kushoto wa Masudi kilikuwa cheusi na kilikuwa kinanuka. Jumatatu Masudi hakutoka kabisa. Mfungwa mwingine alipokea sufuria, akasema papa ana homa, amewekwa karibu na mlango apate hewa, na wenzake wanampa zamu zao alale. Nasiba aliomba kumwona. Polisi alisema kama anataka kumwona aende akaombe barua kwa burugumestri, na burugumestri yuko mkutanoni.

Njiani kurudi ndipo alipokata shauri. Hakukuwa na hekima yoyote ndani yake. Lilikuwa jambo la mwili, kama mtu anavyotua mzigo kwa sababu mikono imekataa. Jumanne angemwambia Madame Aneli lile aliloficha. Angesema: andika, ni mimi. Masudi angetoka, angelala chali, angeoshwa miguu. Yeye angeingia mahali pake.

Usiku ule hakuwaambia watu kitu, lakini alifanya kazi ya mtu anayesafiri. Alimwonyesha Zaituni mahali palipowekwa mbegu, na namna ya kupima dawa ya bibi ya macho. Asubuhi aliwasuka watoto wote wawili wa kike. Alivaa kitenge chake kizuri na ndani yake nguo mbili za kazi, moja juu ya nyingine. Kisha akatandika mkeka mlangoni na kukaa.

Saa tano gari halikuja. Saa saba halikuja. Saa tisa alipita mtu wa baiskeli akitoka Rwimbogo na magunia ya ndizi, akasimama kuomba maji. Alisema barabara ya juu imefungwa na askari. Watu wenye bunduki walikuwa wamelivizia gari jeupe kwenye kona, mlimani, wakalipiga risasi na kulichoma. Dereva alikufa. Mkalimani alipigwa nyonga na mkono, yuko hospitali. Mzungu alikuwa mzima, helikopta imemchukua.

"Wamempeleka wapi?" aliuliza Nasiba.

"Kigali. Au kwao. Nitajuaje mimi?" Alikunywa maji, akashukuru, akaendelea.

Kabla ya Ijumaa ofisi ya watu wa haki mjini Kamembe ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Redio ilisema kazi ya waangalizi katika upande huu wa nchi imesimama kwa muda, mpaka hali itakapotulia. Msemaji wao alizungumza vizuri kwa Kifaransa. Alisema wanaendelea kuifuatilia hali kwa karibu sana, kutoka Kigali.

Mpelelezi wa komini alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye dosie zilizopangwa mpaka dirishani. Nasiba alisimama mbele ya meza yake tangu asubuhi mpaka saa sita ndipo akaambiwa aseme. Alisema. Alisema yote, mkono wa Masudi kwenye komeo na maneno yake mwenyewe, neno kwa neno.

"Ni mimi niliyekataa," alimaliza. "Nifunge mimi, umtoe yeye. Anaoza miguu."

Mpelelezi hakuandika. Alimtazama bila hasira.

"Wewe ni wa nne mwezi huu," alisema. "Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kusema ni yeye aliyeshika panga, si mume wake. Mkono wake wa kulia umepooza tangu utotoni. Nimfunge?"

"Mimi nasema kweli."

"Yule naye aliapa." Alisogeza dosie moja juu ya nyingine. "Mama, mashtaka yanasema mumeo alimtoa mtu. Wewe unasema mlimfungia mlango. Kama nikianza kufunga waliofungia watu mlango, nitawaweka wapi? Unaona nafasi hapa?"

Nasiba hakutoka mbele ya meza.

"Niletee yule msichana," alisema mpelelezi. "Akisema mbele yangu kwamba mumeo hakumtoa kaka yake, nitaandika. Au niletee ile karatasi ya wazungu. Bila mmoja kati ya hivyo viwili, ninyi wote ni watu wanaopenda waume zao."

Wenceslas alimpokea uani, akiwa amesimama, bila kumkaribisha kiti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Thacienne hayuko," alisema. "Nimemupeleka Gikundamvura, kwa shangazi yake. Tangu lile gari lisimame hapa, batu banapita mbele ya nyumba bakiimba nyimbo ya kututisha. Bale balisema batamulinda bamekimbia na helikopta. Mimi nitamulinda na nini? Na jembe?"

"Aseme mara moja tu, papa. Mbele ya mpelelezi."

"Alishasema mara moja."

"Masudi atakufa."

Wenceslas aliangalia mikono yake. Hakuwa mtu wa kufurahia. "Nilirudi mu nchi hii nikiwa na hamu ya kuona ndugu yangu," alisema. "Nilikuta mutoto moja. Unataka nimutume barabarani juu ya bwana yako? Hapana, mama. Unisamehe. Hapana."

Ikabaki karatasi. Siku ya pili Nasiba alipanda Kamembe kwa miguu na lori la mchanga, akauliza mpaka akafika kwa mama yake Mirindi. Nyumba ilikuwa mtelemkoni, na kutoka mlangoni mji wa Bukavu ulionekana ng'ambo ya maji. Mirindi alikuwa ameshatoka hospitali, amelazwa kwenye godoro sebuleni. Uso wake ulikuwa wa mzee.

"Zote ziliungua," alisema. "Nilikuwa nimelala mu mufereji, naziona. Mufuko wa Madame ulikuwa kwa kiti ya nyuma."

"Lakini wewe ulisikia kwa masikio yako. Twende komini useme yale aliyosema Thacienne."

"Nilikula kiapo, maman. Ile nasikia haiko yangu. Miye niko kinywa tu." Alijaribu kusogea, akauma midomo kwa maumivu. "Na barua ilikuya jana. Mukataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Balinitakia nipone haraka."

"Basi niandikie tu. Maneno machache. Sitasema ni wewe."

Mirindi alimtazama kama daktari anavyomtazama mtu kabla ya kumwambia habari mbaya.

"Maman Zaituni, unajua kile kiliandikwa?"

"Kwamba Masudi alimficha."

"Ndiyo. Ile pia." Aligeuza uso ukutani. "Rudi nyumbani. Usitafute tena ile karatasi. Kama tungefika Jumanne..."

Mama yake aliingia na chai, naye hakumaliza. Njiani kuteremka bondeni Nasiba alielewa nusu, na nusu nyingine aliikataa.

Masudi alikufa Alhamisi ya pili ya mwezi wa tatu. Nasiba aliambiwa akiwa kwenye foleni, zamu yake ilipofika. Polisi aliweka kijiti chini na kusema sufuria hiyo arudi nayo. Kabla ya kupewa maiti ilibidi atie sahihi karatasi inayosema marehemu alikuwa na maradhi ya siku nyingi. Alitia. Wanaume wa msikiti walimwosha, na waliomba wanawake wasikaribie, kwa ajili ya miguu.

Bibi Nyirabagenzi alikaa matangani siku tatu akimweleza kila aliyekuja habari ya mwanawe ambaye hakuwahi kumfungia mtu mlango. Wageni waliitikia. Nasiba alikaa kwenye mkeka wa mfiwa, akipokea pole moja baada ya nyingine. Masudi hakuwa amemtaja kwa mtu, si kwa polisi, si kwa wazungu, si kwa wale waliompa zamu zao za kulala. Alikuwa amekwenda na jambo hilo lote, na hapakuwa na mlango uliobaki ambako Nasiba angeweza kulipeleka.

Mwezi wa tano Thacienne alirudi. Alikuja asubuhi, peke yake, akasimama uani pa Nasiba ameshika viatu mkononi.

"Nimesikia juu ya Papa Zaituni," alisema. "Nimekuya kutoa pole."

"Asante." Nasiba alimtolea kigoda, lakini yeye mwenyewe hakukaa. Bibi alikuwa amelala ndani, watoto walikuwa shuleni. "Thacienne, siku ile uliniuliza swali. Ni mimi. Masudi alitaka kufungua. Ni mimi niliyesema aende."

"Najua."

Upepo ulipita kwenye majani ya ndizi nyuma ya choo.

"Nilikuwa nyuma ya magunia," alisema Thacienne. "Hatua tano. Nilisikia vidole vyake ku mlango, nikasikia sauti yako. Nilitaka kuita. Nilijiziba kinywa na mukono."

"Na wazungu?"

"Niliwaambia. Masudi alikamata komeo, wewe ulisema hapana. Mirindi aliniuliza mara mbili kama niko hakika. Mzungu aliandika."

"Kwa hiyo Jumanne..."

"Jumanne bangemutoa yeye, bangeuliza wewe."

Nasiba alikaa chini, kwenye udongo, si kwenye kigoda. "Ningekwenda," alisema. "Nilikuwa nimevaa."

"Mirindi aliniambia ulifika kwake."

"Kwa nini hukwenda kwa mpelelezi? Wiki tatu, Thacienne. Alikuwa hai wiki tatu nzima."

Thacienne hakujitetea. Alitazama viatu vyake mkononi. "Niliogopa," alisema. "Kama weye siku ile."

Kisha Thacienne aligeuka kuelekea ghala.

"Nataka unionyeshe kitu. Wewe uliangalia ku ule ufa, sivyo? Dusabimana alielekea upande gani? Nataka nimuzike."

Walitoka pamoja, wakapita ghala ambalo sasa lilikuwa na mlinzi mwingine, wakashika tuta kubwa. Mpunga ulikuwa umeanza kubeba masuke. Nasiba alitembea mbele mpaka mahali tuta linapokatwa na mfereji, akanyoosha mkono kuelekea mto Rubyiro.

"Alivuka hapa. Hakukimbia. Alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kazini. Nilimwangalia mpaka kwenye yale matete, halafu sikumwona tena."

"Yale?"

"Yale. Lakini wakati ule yalikuwa mengi. Pale pote palikuwa matete."

Sasa palikuwa mashamba. Tangu mwaka ule yalikuwa yamelimwa mara tano au sita, na tope limegeuzwa juu chini kila msimu. Thacienne aliweka viatu juu ya tuta, akapandisha kitenge, akaingia majini kwenye ukingo ambao haukupandwa. Alianza kupapasa chini kwa mikono miwili. Nasiba alimtazama kidogo, kisha naye akaingia, akainama kando yake.

Walikwenda hivyo bega kwa bega, hatua kwa hatua, bila kusema, mpaka adhana ya alasiri ilipolia kutoka ng'ambo ya barabara. Walitoa mizizi na mawe, na kipande cha ndala ya plastiki ambacho kingeweza kuwa cha mtu yeyote. Thacienne alikiosha, akakipima kwenye mguu wake, akakiweka juu ya tuta. Kisha akainama tena.